NYUMBA KANDO YA MTO

Somo kwa wainjilisti, wazee wa kanisa na Wakristo wote, la kusomwa kabla ya mvua za vuli

Soma kwanza: Luka 6:46-49, Luka 13:4-5, Mwanzo 41:25-49.

Wapenzi wasomaji, mfano wa Bwana wetu juu ya wajenzi wawili wajulikana hata na watoto wa Shule ya Jumapili. Mmoja alichimba chini sana hata akaufikia mwamba, mwingine akajenga juu ya udongo pasipo msingi. Kisha mto ukafurika, ukazipiga nyumba zote mbili, na moja tu ikasimama. Sisi tukaao Magu, na Mwanza, na pwani yote ya Ziwa Victoria, hatuna haja ya kuelezwa mto uliofurika ni kitu gani. Lakini mara nyingi twausoma mfano huu kwa haraka. Twasema kwamba yule wa pili alikuwa mpumbavu, kisha twafunga kitabu na kwenda zetu.

Katika somo hili twataka kukaa kidogo penye mto huo. Tutauliza maswali mawili. La kwanza: mito yetu na ziwa letu vimepatwa na nini miaka hii? La pili: Bwana atudai nini kwa ajili ya jirani ambaye nyumba yake i karibu na maji? Fundisho lenyewe ni moja, nasi twaliweka hapa mbele ili msomaji alishike tangu mwanzo: kazi ya kuwaokoa watu wa ukingoni huanza kabla ya mvua, nayo hufanywa pamoja nao, si kwa ajili yao tu.

1. Mto wetu na ziwa letu

Mto Simiyu huanza upande wa Serengeti. Hupita katika nchi ya Wasukuma, penye mashamba ya pamba na mahindi na malisho ya ng'ombe, hupokea maji ya mto Duma, na mwisho huingia katika Ghuba ya Speke karibu na Magu. Kila asafiriye kwa barabara ya Mwanza na Musoma huuvuka. Wakati wa kiangazi maji yake ni machache, na mchanga huonekana mahali pengi. Lakini mvua kubwa ikinyesha huko juu, maji huja kwa nguvu, hata ikiwa Magu kwenyewe hakukudondoka tone. Ndiyo maana mgeni aliyenunua kiwanja wakati wa jua hudanganyika, akidhani kwamba mto ni ule mchanga alioukuta. Tena mto huu huchukua udongo mwingi sana. Wataalamu wauhesabu miongoni mwa mito iletayo tope jingi katika ziwa, na tope hilo ni mashamba ya watu yaliyosafirishwa na maji.

Na ziwa lenyewe lina tabia yake. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 68,800. Sehemu 51 katika 100 zimo Tanzania, 43 zimo Uganda, na 6 zimo Kenya. Karibu sehemu 80 katika 100 za maji yake hutoka katika mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe, nalo lina mlango mmoja tu wa kutokea, yaani mto Naili penye Jinja. Mengine hupaa kwa joto la jua. Basi miaka ya mvua nyingi ikifuatana, ziwa hupanda, wala halishuki upesi. Kati ya mwaka 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita 2. Mwaka 2006 lilishuka sana, wavuvi wakavuta mitumbwi yao juu ya tope. Mwezi wa Mei mwaka 2020 lilifika mita 13.42 katika kipimo cha Jinja, likakipita kidogo kile kimo cha mwaka 1964 ambacho wazee walikuwa wakikisimulia. Kisha mwezi wa Mei mwaka 2024 likapanda kupita hapo tena.

Jambo hili laugusa mji wa Magu kwa njia mbili. Ziwa likiwa juu, mto hauna pa kumwaga maji yake kwa haraka. Hurudi nyuma na kuenea katika mabonde, bustani na viwanja. Kwa hiyo mtu wa Magu aweza kupatwa na maji yatokayo juu, na tena na maji yasimamayo chini, katika juma moja.

Mwanza nako kuna mto wake, jina lake Mirongo. Ni mto mfupi, lakini hupita katikati ya watu wengi, penye Mabatini na kwingineko, mpaka ziwani. Mji ule umejengwa juu ya vilima vya mawe. Mvua ipigayo jiwe haiingii chini, huteremka. Nayo mvua ipigayo mabati na barabara huteremka vilevile. Maji ya vilima vyote hukutana bondeni kwa muda mfupi, yakichukua taka na uchafu wa vyoo. Tazama basi jinsi mfano wa Bwana unavyotufikia kwa namna ya ajabu. Katika Mwanza wako maskini waliojenga juu ya mwamba, nao wako maskini waliojenga bondeni, na maji yatokayo katika ua wa yule wa juu ndiyo yaingiayo katika nyumba ya yule wa chini. Hapana mtu aokokaye peke yake penye mteremko.

2. Kwa nini mvua hazifuati desturi

Tangu zamani pwani ya ziwa imekuwa na mvua za vuli, Oktoba mpaka Desemba, na za masika, Machi mpaka Mei. Wazee wetu walijua pia kwamba miaka haifanani. Leo wataalamu wameeleza sababu moja ya tofauti hiyo. Bahari ya Hindi ikipata joto upande wetu wa magharibi, mvua za vuli huzidi sana, na zaidi ikiwa yale yaitwayo El Niño yametokea wakati huohuo katika bahari kuu ya Pasifiki. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1961, mwaka 1997, mwaka 2019 na mwaka 2023. Na baada ya kila moja ya miaka hiyo ziwa letu lilipanda.

Lakini juu ya tofauti hizo za kale limeongezeka jambo jipya. Kwa muda wa zaidi ya miaka 150 nchi zenye viwanda vingi zimechoma makaa ya mawe na mafuta, na moshi wake umebaki angani kama blanketi juu ya dunia. Joto la dunia limekwisha kupanda zaidi ya digrii 1 kuliko lilivyokuwa kati ya mwaka 1850 na 1900. Nayo hewa yenye joto huchukua maji mengi zaidi: kwa kila digrii 1, hewa yaweza kubeba mvuke zaidi kwa sehemu kama 7 katika 100. Kwa hiyo mvua ikija huja kwa wingi na kwa ghafula, na kiangazi kikija hukausha zaidi. Haya ndiyo yaitwayo mabadiliko ya tabianchi.

Matunda yake tumeyaona. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu alilieleza Bunge kwamba mvua za msimu ule zimeua watu 155 katika Tanzania, na kuwasumbua watu zaidi ya 200,000. Mapema mwaka huohuo kipindupindu kilikuwa kimeingia katika mikoa ya kanda yetu. Maji ya mafuriko na ugonjwa huo ni ndugu, maana vyoo vikijaa maji, visima huharibika.

Yatupasa kusema kweli hapa kwa pande mbili. Bara letu la Afrika limechangia sehemu ndogo sana ya moshi ule, na si haki kwamba mama auzaye dagaa Magu alipe kwa nyumba yake deni la viwanda vya mbali. Neno hili Kanisa lilinene bila hofu. Lakini tena, wasomaji wapenzi, si watu wa mbali waliokata miti ya ukingo wa Simiyu, wala si wao wanaotupa takataka katika mifereji ya Mwanza. Serikali ilikataza mifuko ya plastiki ya kubebea vitu tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa na takataka nyingine zingali zinaziba njia za maji. Mambo hayo ni ya mikono yetu, na mikono yetu yaweza kuyatengeneza.

3. Je, ni adhabu ya Mungu, nasi tukae kimya?

Wako wasemao, Mungu ndiye aletaye mvua. Akitaka kuichukua nyumba ataichukua, na kujihangaisha ni kutokuamini. Mwinjilisti hana budi kujua kulijibu neno hili, maana lasikika hata katika sharika zetu.

Kwanza, Bwana Yesu mwenyewe alilijibu. Soma Luka 13:4-5. Mnara wa Siloamu ulipowaangukia watu kumi na wanane, alikataa kabisa kwamba hao walikuwa wakosaji kuliko wengine. Aliwageuzia wasikilizaji wake neno la toba. Basi tukiona nyumba ya jirani imechukuliwa na maji, swali letu lisiwe, Huyu alitenda dhambi gani? Bali liwe, Mimi nifanye nini?

Pili, mwalimu wetu Martin Luther aliandika juu ya jambo kama hili mwaka 1527. Tauni ilikuwa ikiua watu, na wachungaji wa mji wa Breslau, pamoja na Johann Hess, walikuwa wamemwuliza kama ni halali Mkristo kukimbia. Luther aliwaonya wale walioona ni imani kuu kutojilinda. Aliwaambia kwamba kwa shauri la namna hiyo nyumba ikishika moto mtu asitoke, na akianguka katika maji mengi asiogelee, kwa kuwa eti ni adhabu ya Mungu. Yeye aliliita jambo hilo kumjaribu Mungu. Akafundisha kwamba mtu aombe, kisha atumie dawa na akili alizopewa. Na mwenye kazi ya kuwahudumia wengine asiwaache.

Tatu, katika Katekisimo twafundishwa amri ya tano. Wengi hudhani kwamba tumeitimiza tusipomwua mtu. Lakini Luther alieleza kwamba twaivunja pia tukiweza kumwepusha jirani na hatari, nasi tusifanye. Tena katika ombi la nne la Sala ya Bwana, alipoeleza maana ya mkate wa kila siku, alitia ndani yake nyumba, hali njema ya hewa, serikali njema na majirani waaminifu. Kwa hiyo kila Jumapili tunapoomba mkate wetu, twaomba pia mfereji ulio wazi na jirani mwema kando ya mto. Aombaye hayo na asiinue jembe, ameyasikia maneno ya Bwana lakini hakuyatenda. Huyo ndiye aliyejenga pasipo msingi.

4. Tusimdharau aliye ukingoni

Hapa twarudi kwenye mfano. Bwana hakuusema ili tuwacheke maskini. Aliusema juu ya kusikia na kutenda. Watu wakaao kando ya Simiyu au bondeni mwa Mirongo si wapumbavu. Wako pale kwa kuwa kodi ya chumba ni ndogo, kwa kuwa soko na mwalo wa wavuvi ni karibu, kwa kuwa bustani za mboga hupata maji, na kazi ya mchanga na matofali hupatikana. Wengine waliuziwa kiwanja na mtu aliyejua maji hufika wapi, naye akanyamaza.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu katika mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Sheria hiyo ni ya hekima, nasi twawafundisha Wakristo kuitii. Lakini kumwondoa mtu penye maji na kumwokoa si jambo moja, kama mifano ya miji mingine inavyoonyesha.

Mwezi wa Desemba mwaka 2011 mto Msimbazi ulifurika Dar es Salaam, watu zaidi ya 40 wakafa. Serikali iliwapa wengine viwanja Mabwepande, nje ya mji. Ilikuwa ni rehema, lakini mahali pale palikuwa mbali na kazi zao, na baadhi yao wakarudi bondeni. Mwaka 2024 mito ya Nairobi ilifurika, na penye Mathare watu wengi walikufa au kupoteza kila kitu. Ndipo serikali ya Kenya ikaamuru wote walio katika mita 30 za mto waondoke, na nyumba zikabomolewa huku mvua ingali ikinyesha. Wengi walibaki hawana pa kulala.

Iko pia mifano ya njia nyingine. Tangu mwaka 2015, katika kazi iitwayo Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo vya Dar es Salaam pamoja na wenyeji wa mitaa walitembea vichochoroni, wakachora ramani ya nyumba, mifereji na njia za maji. Waliwauliza wakazi maji hufika kimo gani, goti au kiuno, wakaandika. Hivyo ujuzi wa mama wa bondeni ukawa katika ramani ambayo wahandisi waweza kuitumia. Na huko Kibera, Nairobi, tangu mwaka 2006, wakazi pamoja na shirika liitwalo Kounkuey Design Initiative wamegeuza sehemu za kingo za vijito zilizokuwa majalala, wakazijenga kuta za kuzuia maji, mifereji, vyoo na mahali pa watoto kucheza, nao wenyewe huzitunza.

Tofauti ya njia hizo ni nini? Katika ile ya kwanza watu wa ukingoni waliambiwa mwisho. Katika ile ya pili waliulizwa kwanza. Neno hili ndilo twalotaka lishikwe na wazee wa kanisa wanapokutana na serikali ya mtaa.

5. Mambo ya kufanya

Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Mawingu yetu tumekwisha kuyaona. Haya basi ni mambo ambayo usharika au mtaa wowote waweza kuyafanya, hata ukiwa hauna fedha nyingi.

Kwanza, tembeeni kando ya mto pamoja na wakaao huko. Mwezi wa Agosti au Septemba, mwinjilisti na wazee waende na wenyeji, wake kwa waume, wakiwauliza: mwaka 2020 maji yalifika wapi? Mwaka 2024 je? Watie alama ya rangi juu ya nguzo au ukuta au mti, ili mgeni aone. Waandike majina ya nyumba zenye wazee, wajawazito, wagonjwa na walemavu, na kila nyumba ya namna hiyo ipewe jirani wawili watakaokuja kuwachukua.

Pili, yasomeni maonyo ya mvua kanisani. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa kila msimu, na maonyo ya siku chache mbele. Rangi ya njano ni angalizo, ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Matangazo ya Jumapili yawe na neno hilo. Tena mkubaliane juu ya mlio wa kengele au ngoma ambao si wa ibada wala wa msiba, bali maana yake ni moja tu: maji yanakuja, pandeni juu. Na kwa kuwa mto Simiyu huletwa na mvua ya mbali, ni vema sharika za chini ziwe na simu za sharika za juu. Simu moja ya usiku yaweza kuokoa watu wengi.

Tatu, fungueni njia za maji kabla ya vuli. Siku moja ya kuzibua mfereji mwezi wa Septemba yapita siku kumi za kuchota tope mwezi wa Desemba. Kukusanya nguo baada ya mafuriko ni jambo jema, nasi tusiache. Lakini ni rahisi kuliko kushika koleo wakati jua likiwaka na watu wakicheka. Usharika nao ujichunguze: maji ya bati la kanisa huenda wapi? Yakiteremka katika ua wa mjane aliye chini, tuweke mchirizi na tangi la kuyakinga kwanza, ndipo tuwafundishe wengine.

Nne, ulindeni ukingo. Mafunjo na matete hupunguza nguvu za maji na kuzuia udongo. Yasichomwe wala kung'olewa ili kupata kipande cha bustani. Mchanga usichimbwe chini ya ukingo, maana ukingo huanguka, na nyumba huufuata. Katika mashamba, matuta yakinge mteremko, yasishuke nao. Baba zetu Wasukuma walikuwa na desturi ya ngitili, yaani kutenga sehemu ya malisho isiliwe wakati wa mvua, ili nyasi na miti vipone. Mwaka 1986 kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, iitwayo HASHI, ilianza kuifufua desturi hiyo. Ngitili zilizobaki wakati ule zilikuwa kama hekta 600 tu. Kufika mwaka 2003 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000. Miongoni mwa wilaya zilizokuwa katika mkoa wa Shinyanga wakati huo ni Bariadi, Maswa na Meatu, nazo ndizo zilizo upande wa juu wa Simiyu. Basi mchungaji wa ng'ombe wa Meatu atunzaye ngitili yake amlinda mtu wa Magu asiyemjua. Huo ni upendo wa jirani, ijapokuwa jirani yu mbali.

Tano, tengenezeni vyoo na maji. Choo kisichimbwe bondeni karibu na kisima. Penye maji mengi kiinuliwe juu ya kifusi na kujengewa. Wakati wa mafuriko maji yote ya kunywa yachemshwe au kutiwa dawa, na mikono ioshwe kwa sabuni. Mtu akiharisha kama maji, anyweshwe maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa au dawa ya zahanati, naye apelekwe upesi, asingojewe mpaka asubuhi.

Sita, wekeni akiba na mahali pa kukimbilia. Kila kikundi cha kuweka na kukopa kitenge kisanduku kidogo cha maafa. Hati za kiwanja, vyeti vya watoto na kadi za kliniki zifungwe katika mfuko usiopenya maji, zitundikwe juu. Na kama kanisa au shule imejengwa mahali pa juu, ikubaliwe mapema kwamba milango yake itafunguliwa kwa watu wote, Wakristo na Waislamu na wasio na dini, na funguo ziko kwa nani.

Saba, ketini barazani. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa mpaka chini kwa wananchi. Ulizeni katika kijiji au mtaa wenu: wajumbe ni nani? Je, yuko mmoja akaaye ukingoni? Na ikiwa serikali imesema watu wahame, Kanisa lisiwatie watu moyo wa ukaidi, wala lisinyamaze. Liulize kwa adabu: wahamie wapi, lini, na watapata wapi maji, shule na kazi? Mtu akiyapata majibu hayo, ataondoka kwa miguu yake mwenyewe.

6. Akiba ya Yusufu

Katika Mwanzo 41 twasoma jinsi Yusufu alivyoambiwa habari za miaka saba ya shibe na miaka saba ya njaa. Angalieni kwamba hakuishia katika kueleza ndoto. Alishauri wawekwe wasimamizi, na chakula kiwekwe katika kila mji, karibu na watu watakaokihitaji, wakati tumbo lingali limeshiba na hakuna aliyeona haja. Ndiyo imani yenye mikono.

Miezi ya kiangazi ndiyo miaka yetu ya shibe. Wakati huo mto ni mchanga mtupu, watoto wauchezea, na mwenye kusema habari za mafuriko huonekana kama mtu asiye na kazi. Lakini ndio wakati tuliopewa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na penye mto, mara nyingine hata ukuta haubaki pa kuujenga. Mungu aliyemwonyesha Yusufu ametupa sisi alama ya maji juu ya miti, kumbukumbu za wazee, na maarifa ya watu wapimao mvua. Tusingoje ishara nyingine.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Katika Luka 6:46-49, ni nini hasa kilichowatofautisha wajenzi wale wawili? Je, mtu mwenye nyumba ya mawe aweza kuwa amejenga pasipo msingi? Eleza.

2. Mtu akisema kwamba mafuriko ni adhabu ya Mungu na kujilinda ni kutokuamini, utamjibuje kwa Luka 13:4-5 na kwa amri ya tano?

3. Maji ya uani kwako huteremka kwa nani? Maji ya kanisa lenu je?

4. Taja watu watatu wa usharika wenu au wa jirani wakaao karibu na maji. Ni lini mara ya mwisho uliwauliza shauri, si kuwapa msaada tu?

5. Chagueni jambo moja katika yale saba mtakalolifanya kabla ya mvua za vuli, mkaandike ni nani atakayelisimamia na siku gani.

Mwinjilisti asimalize somo hili kwa sala tu kanisani. Ikiwezekana, darasa lote liondoke likashuke mpaka mtoni, lifanye sala huko pamoja na wenyeji, na kurudi likiwa limekwisha kutia alama ya kwanza.